Kufuatilia Asili ya Kichwa cha Dizeli Kilichoundwa Upya: Mwongozo Kamili

Maandishi "GP38-3" chini ya dirisha la kabini yanakuambia jambo moja tu: karakana iliamua kukiitaje kichwa hicho cha treni siku kilipotoka. Kilizaliwa wapi, mwaka gani na kwa kampuni gani ya reli, hayo hayamo. Na mara nyingi jina hilo jipya linakupeleka mbali na jibu, kwa sababu vichwa vya mizigo vya dizeli huishi miaka 40 au 50, na katika muda huo hubadilishwa injini, kabini, mabogi (fremu ndogo zinazobeba magurudumu), nyaya, namba na wenyewe.

Mwongozo huu unahusu hasa Amerika Kaskazini, ambako biashara ya kuunda upya vichwa ni kubwa na yenye historia ndefu, kisha unagusa Uingereza na Ulaya. Mbinu yenyewe ni ileile popote.

Anza kwa kuamua unafuata nini

Unafuata fremu. Ni kama gari: injini inaweza kutolewa na nyingine kufungwa, bodi ikapigwa rangi upya, lakini namba ya chasisi ndiyo gari lenyewe. Kwa kichwa cha dizeli cha aina ya boneti, yaani kile chenye kabini na boneti jembamba lililozungukwa na njia ya kupita, fremu ndiyo inayobeba kila kitu kingine, na ndiyo sehemu ambayo karakana haina sababu ya kuitupa.

Hata sheria za Marekani zinaliona hivyo. Kanuni za usalama wa reli za nchi hiyo, sehemu ya 229, zinakieleza kichwa kilichotengenezwa upya kuwa ni kile kilichojengwa juu ya fremu iliyokwisha kutumika, huku vifaa vya zamani vilivyobakia ndani yake vikiwa chini ya asilimia 25 kwa thamani ya fedha. Maana yake zaidi ya robo tatu ya thamani huwa mpya kabisa, na bado mashine ikahesabiwa kuwa na ukoo.

Kwa hiyo tenganisha mambo manne tangu mwanzo. Kuna kichwa kilichosukwa upya tu, injini ikafunguliwa na kurudishwa ilivyokuwa. Hiki hakina fumbo. Kuna kilichobadilishwa injini au mfumo wa umeme. Kuna kilichovuliwa nguo hadi kikabaki fremu tupu. Na kuna kile kinachochanganya watu wengi: kichwa kipya chenye fremu mpya kilichopewa spea kutoka vichwa vya zamani. GP15-1 ya EMD, kiwanda cha vichwa vya treni cha General Motors, iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1982, ni ya kundi hili la mwisho. Ilitumia vifaa vilivyotolewa kwenye GP7 na GP9 zilizorudishwa kiwandani na wateja. Ukiitafutia "jina la zamani" utahangaika bure, kwani haikuwahi kuwa nalo.

Usiliamini jina la modeli

Hakuna mamlaka inayogawa majina ya vichwa vilivyoundwa upya. Kila kampuni hubuni lake. "-3" kwa kawaida humaanisha mfumo wa umeme umeboreshwa kupita ule wa familia ya "Dash 2" iliyotoka 1972. "M", "R", "u" na "E" zimetumiwa na karakana tofauti kwa maana tofauti.

Angalia SD40E za kampuni ya reli ya Norfolk Southern. Ukisikia SD40 utafikiria fremu ya miaka ya 1960. Kumbe zimetokana na SD50, mashine ya miaka ya 1980 iliyokuwa na nguvu za farasi 3,500 na injini yenye sifa ya kusumbua. Karakana ikaishusha hadi 3,000, nguvu ya SD40, na jina likashuka nayo. SD70ACU za kampuni hiyohiyo zilikuwa SD90MAC, majitu yenye urefu wa zaidi ya mita 24, na kwa mtu aliyewahi kuona SD70 ya kawaida, rejeta lile kubwa la nyuma linasema wazi kwamba jina na mwili havilingani.

Jina basi lichukulie kama dokezo la nguvu na mfumo wa umeme wa sasa. Asili itafute kwenye chuma.

Pima urefu

Hapa ndipo kazi inapoanza kuzaa matunda, kwa sababu urefu wa fremu ni kitu ambacho karakana haigusi. Kwa vichwa vya EMD (GP zina ekseli nne, SD sita), vipimo kutoka uso wa kiungio kimoja hadi kingine ni hivi:

- GP7, GP9, GP30 na GP35: futi 56 na inchi 2, takriban mita 17.1
- GP38, GP40 na ndugu zake wa Dash 2: futi 59 na inchi 2, takriban mita 18.0
- SD40 na SD45: takriban mita 20.0
- SD40-2 na SD45-2: futi 68 na inchi 10, takriban mita 21.0
- SD50 na SD60: futi 71 na inchi 2, takriban mita 21.7

Huna haja ya kusogelea reli na futi kamba, wala usijaribu. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni kabisa, mpiga picha akiwa mbali na katikati ya kichwa. Bogi la kawaida la EMD la ekseli mbili, linaloitwa Blomberg, lina umbali wa futi 9 kati ya ekseli moja na nyingine. Hicho ndicho kipimo chako. Pima kwenye picha kutoka katikati ya gurudumu moja hadi katikati ya lingine, kisha pima urefu wote wa kichwa, ugawanye. Ukipata karibu 6.2, una fremu ya GP9 hadi GP35. Ukipata karibu 6.6, una fremu ya GP38 au GP40. Usitumie kipenyo cha gurudumu kama kipimo, kwani magurudumu huchongwa kila yanapochakaa na hupungua.

Kwa vichwa vya ekseli sita kuna njia ya haraka zaidi. SD40-2 ilipewa fremu ndefu kuliko boneti lake lilivyohitaji, hivyo ina baraza pana mbele na nyuma ambalo mtu anaweza kusimama na kutembea. SD40 ya zamani haina. Kichwa kinachojiita "SD40-3" chenye baraza finyu kina uwezekano mkubwa wa kutokana na SD40 au SD45.

Hesabu feni, kisha hesabu mabomba ya moshi

Tafuta picha ya kutoka juu ya daraja ikiwezekana. Mwisho wa boneti refu, juu ya rejeta, GP38 ina feni mbili kubwa. GP40 ina tatu. SD40 na SD45 zina tatu. GP35 ina mbili kubwa na moja ndogo katikati yao, mpangilio ambao ni vigumu kuuchanganya na mwingine.

Mabomba ya moshi yanasimulia injini. Injini ya EMD yenye turbo hutoa moshi kwa bomba moja kubwa. Isiyo na turbo, kama ya GP38, ina mabomba mawili. Sasa viweke viwili hivi pamoja: ukiona feni tatu na mabomba mawili, unatazama GP40 iliyovuliwa turbo. Kampuni nyingi zilifanya hivyo kwa makusudi. Turbo ni gharama kuitunza, na kichwa cha nguvu 2,000 kinatosha kabisa kwa kazi za yadi na treni fupi. Wakaiita GP38 kwa sababu ndivyo ilivyo sasa kwa nguvu, ila paa halikubadilika. Wakati mwingine feni ya tatu huondolewa na tundu likafunikwa kwa bamba la chuma. Litafute bamba hilo.

Rejeta za SD45 zilitanuka kwa juu kama mabawa, kwa sababu injini yake ya silinda 20, yenye nguvu 3,600, ilihitaji kupozwa zaidi. Kampuni ya reli ya Southern Pacific ilipopeleka vichwa vyake kwa Morrison-Knudsen, kampuni ya kuunda upya, vikarudi vikiwa SD40M-2 vyenye injini ya silinda 16, baadhi vilitokana na SD40 na baadhi na SD45. Mabawa hayo yalibaki, na ndiyo yanayotenganisha makundi mawili.

Kuna alama mbili ndogo za kutenganisha Dash 2 na waliotangulia. Upande wa kulia wa boneti, chini ya rejeta, Dash 2 ina kidirisha cha duaradufu cha kuangalizia kiwango cha maji. Na vifuniko vya masanduku ya betri kando ya kabini vimefungwa kwa bolti, ilhali vichwa vya kabla ya 1972 vina milango ya bawaba yenye matundu ya hewa. Kati ya hizi mbili napendelea milango ya betri. Kidirisha kinaweza kuongezwa pamoja na vifaa vipya vya kupozea, lakini sijui karakana inayojisumbua kutengeneza upya masanduku ya betri ambayo bado mazima.

Mashahidi wasioaminika: mabogi, injini na kabini

Mabogi hutembea. Reli kadhaa, Southern Railway ikiwemo, zilinunua GP30 na GP35 mpya zikiwa juu ya mabogi yaliyotolewa kwenye vichwa vya Alco, mtengenezaji mwingine, walivyorudisha kiwandani. Kichwa cha EMD, miguu ya Alco, tangu siku ya kwanza. Mtu akiona mabogi hayo na kuhitimisha kwamba kichwa ni Alco kilichoundwa upya amepotea. Bogi la HT-C, lenye kifyonza mtikisiko kwenye ekseli ya katikati, ni la kawaida chini ya SD40-2, lakini likionekana chini ya fremu fupi linaonyesha tu kwamba kulikuwa na mabogi ya ziada karakanani.

Injini ndiyo mbaya zaidi kama ushahidi. Familia za EMD zinaitwa kwa ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo: 567, kisha 645 iliyoanza 1965, kisha 710 ya miaka ya 1980. Vifaa vya silinda vya 645 vilipachikwa ndani ya bloku nyingi za 567 za baadaye, hivyo hata kibati cha injini kinaweza kusema kitu kimoja na mafundi wakasema kingine. Jenga tabia ya kuandika injini kwenye safu yake ya peke yake katika daftari lako, mbali na safu ya asili.

Kabini nayo sasa hubadilishwa kwa wingi. Norfolk Southern ilichukua Dash 9 zake za GE (General Electric), zikiwemo zilizokuwa na kabini za mtindo wa zamani, ikazigeuza AC44C6M kwa kufunga mota za umeme wa AC badala ya DC pamoja na kabini pana mpya. Reli ya BNSF ilifanya jambo la aina hiyo na Dash 9 zake, zikaitwa AC44C4M. Ukitazama uso wa mashine kama hizi huwezi kujua lolote. Nenda moja kwa moja kwenye fremu na karatasi.

Vibati na karatasi

Kibati cha mtengenezaji hupigiliwa ubavuni mwa fremu, karibu na kabini. Kibati cha EMD kinataja La Grange, Illinois. Cha kampuni dada ya Kanada kinataja London, Ontario. Cha GE kinataja Erie, Pennsylvania. Cha Alco, Schenectady, New York. Kinachotakiwa ni namba ya mfululizo, ambayo ndiyo jina la kudumu la fremu. Katika namba za EMD za mwishoni mwa miaka ya 1970 na za 1980, tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa oda, na namba baada ya kistari ni nafasi ya kichwa katika oda hiyo. Yaani 78xxxx-12 ni kichwa cha kumi na mbili katika oda ya 1978. Ukiwa na oda una tayari mnunuzi wa kwanza, maana oda moja kwa kawaida ni ya mteja mmoja.

Tatizo ni kwamba vibati hung'olewa. Wakusanyaji huvitaka, na karakana nyingine huviondoa na kuweka chao chenye tarehe mpya. Usichukue tarehe ya kibati cha karakana kuwa mwaka wa kuzaliwa. Na palipong'olewa kibati hubaki matundu manne ya ripiti: umbo lake linaweza kukuambia kilikuwa cha nani.

Ndani ya kabini, kila kichwa kinachofanya kazi Marekani lazima kiwe na kadi ya ukaguzi ya FRA, mamlaka ya reli ya nchi hiyo, ile wafanyakazi wanayoiita kadi ya bluu, fomu F6180-49A. Ina namba ya kichwa, mmiliki, modeli na mwaka wa kujengwa. Kama una rafiki dereva, mwombe akusomee mwaka huo tu. Kuna pia lebo ya hewa chafu ya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani: vichwa vilivyojengwa kuanzia 1973 hadi 1992 vikisukwa upya huingia daraja la Tier 0, na vya 1993 hadi 2004 kwa kawaida Tier 1, na alama ya kujumlisha huongezwa kwa viwango vipya vya 2008. Hivyo "Tier 0+" kwenye kichwa kinachong'aa kama kipya inakuonyesha fremu yenye umri mkubwa kuliko rangi yake.

Makovu na mkono wa karakana

Rangi haifichi uchomeleaji. Mwanga wa asubuhi au jioni ukipiga ubavuni utaona mstari wa boneti fupi lililokuwa refu likakatwa kushushwa, kivuli cha namba ya zamani kikitokeza chini ya rangi mpya, au viraka palipokuwa na taa. Kivuli cha namba ni zawadi kubwa. Piga picha, iongeze utofauti wa mwanga kwenye programu yoyote ya picha, na tarakimu zitatokea.

Baada ya muda utaanza kutambua kazi ya karakana moja moja. Vichwa vya Paducah, Kentucky, ambako reli ya Illinois Central iligeuza GP7 kuwa GP8 na GP9 kuwa GP10, kisha ikawafanyia na wateja wa nje, vina sanduku la kuchujia hewa lililokaa juu ya boneti nyuma ya kabini. Ukiliona hilo usihitimishe kwamba kichwa kilikuwa cha Illinois Central; reli ya Conrail nayo ilipeleka vyake huko.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni CF7. Kati ya 1970 na 1978 karakana ya reli ya Santa Fe iliyoko Cleburne, Texas, ilibadilisha vichwa 233 vya F7, vile vyenye mwili uliofunikwa na pua ya mviringo, kuwa vichwa vya boneti vya kazi za yadi na matawi. Sasa kumbuka kanuni ya fremu. F7 haikuwa na fremu ya kubeba mzigo. Mwili wenyewe, kuta na vyote, ndio uliokuwa ukibeba uzito. Ulipokatwa, ilibidi fremu mpya itengenezwe, na ndiyo maana CF7 ina mhimili wa pembeni mnene usiofanana na wa GP yoyote. Za mwanzo ziliachiwa paa la kabini la mviringo kutoka F7, za baadaye zikapata kabini zenye pembe. Kwa CF7, basi, asili inathibitishwa kwa kumbukumbu za reli za kichwa kipi kiliingia karakanani na kipi kikatoka. Ndiyo mipaka ya kanuni yangu, na nisingeibadilisha kwa sababu yake.

Fuata namba kurudi nyuma

Sasa unayo familia ya fremu. Kilichobaki ni kumpata mtu mmoja katika ukoo. Andika mnyororo kutoka leo kwenda nyuma, kila pingu (yaani pete moja ya mnyororo) ikiwa na vitu vitatu: herufi za mmiliki, namba, na tarehe ya mwanzo na mwisho unayoweza kuithibitisha kwa picha. Herufi zinazoishia na X ni za mmiliki asiye kampuni ya reli, mara nyingi mkodishaji. Hapo mnyororo huingia gizani, kwa kuwa wakodishaji huuza na kununua haraka na hubandika namba juu ya namba.

Jihadhari na namba zilizorudiwa. Reli huuza kichwa chenye namba fulani, miaka kumi baadaye ikaipa mashine nyingine namba hiyohiyo. Picha isiyo na tarehe haina thamani katika kazi hii. Jihadhari pia na mfuatano unaopendeza mno: kwamba vichwa kumi vya zamani vilipewa namba kumi mpya haimaanishi wa kwanza alikuwa wa kwanza. Karakana hutoa kilichokuwa tayari.

Linganisha picha za pande zote mbili za kila pingu kwa vitu ambavyo hakuna anayejali kuvibadilisha: mahali kengele ilipo, ukubwa wa tangi la mafuta, bati lililopindika kwenye ngazi, mpangilio wa vishikio. Kasoro moja ya pekee, mfano mkunjo kwenye kona ya ngazi ya nyuma kushoto unaoonekana kabla na baada ya mauzo, ina uzito kuliko orodha tano zilizonakiliwa kutoka orodha moja.

Nje ya Amerika

Uingereza ni rahisi zaidi, kwa sababu kuunda upya huko huambatana na daraja jipya (Class) na kumbukumbu za wazi. Class 57 zilitokana na Class 47 mikononi mwa Brush, Loughborough, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kufungwa injini za EMD za silinda 12. 57001 ilikuwa 47356. Class 69 ya GB Railfreight imetokana na Class 56, na kazi imefanywa na Progress Rail huko Longport. 69001 ilikuwa 56031, na namba hiyo yenyewe ina habari: Class 56 thelathini za kwanza zilijengwa Romania, na 56031 ndiyo ya kwanza kutoka Doncaster. 69002 inaonyesha mtego: ilikuwa 56311, lakini hiyo nayo ni namba ya pili ya 56057. Ukisimama kwenye pingu ya kwanza unamkosa mzaliwa.

Bara la Ulaya hutumia namba ya tarakimu 12. Mbili za mwanzo ni aina, 92 kwa dizeli ya njia kuu na 98 kwa ya yadi. Mbili zinazofuata ni nchi ya usajili, 80 Ujerumani, 51 Poland, 70 Uingereza. Kumbuka ni nchi ya usajili wa sasa. Kichwa kikihama, namba huhama nacho.

Mfano mmoja hadi mwisho

Chukua kichwa cha kubuni: kimeandikwa GP38-3, herufi zinaishia X, kibati kimeng'olewa. Urefu ukigawanywa kwa bogi ni 6.6, kwa hiyo GP9 hadi GP35 zimeondoka. Feni tatu, mabomba mawili: GP40 iliyovuliwa turbo. Hakuna kidirisha cha maji, milango ya betri ina bawaba: kabla ya Dash 2, yaani GP40 ya kati ya 1965 na 1971. Breki ya dainamiki, ile inayotumia mota za magurudumu kupunguza mwendo, haipo, na hakuna bamba linaloonyesha iliwahi kuwepo. Reli zote za milimani zilizoagiza breki hiyo zinatoka kwenye orodha. Chini ya rangi kuna kivuli cha tarakimu nne. Wamiliki wawili wa GP40 waliwahi kutumia namba hiyo; mmoja aliweka kengele mbele chini ya taa, mwingine juu ya boneti refu. Matundu ya bolti yaliyozibwa yako mbele.

Kwenye daftari andika hivi: familia, hakika; mmiliki wa kwanza, karibu hakika; namba ya mfululizo, bado. Andika pia ni ushahidi upi umebeba kila hitimisho, ili picha mpya ikijitokeza ujue ni pingu ipi ya kuifungua bila kuubomoa mnyororo wote.